Hospitali H1 hadi H8
Wadau, kila mjadala unaishia Katiba ya 2010, Kifungu cha 43: hakuna kunyimwa matibabu ya dharura. Sawa. Lakini viwango vya watoto vilitangulia.

2006 hadi 2008, KEMRI-Wellcome ilifuatilia hospitali 8 za wilaya. Nne zilipewa mafunzo kamili, usimamizi, na kuambiwa ana kwa ana wanakosea wapi. Nne zingine, hasa ripoti ya karatasi. Za kwanza ziliboreka zaidi.

Sasa, utafiti ulipochapishwa ziliitwa H1 hadi H8. Watafiti wana sababu zao. Serikali je? Saa nane usiku mtoto akishindwa kupumua, mzazi wa Lavington mwenye bima na jirani yake wa Kawangware wote wanauliza grupu ya WhatsApp.