Mchungaji wa Harlem Aliyefika Bungeni

Machi 1941 wakazi weusi wa Harlem, New York, waliacha kupanda mabasi. Nauli yao ilipokelewa kila siku, lakini usukani hawakupewa. Walitembea kwa miguu takriban wiki nne, hadi kampuni za mabasi zikakubali kuajiri madereva na mafundi weusi. Mgomo maarufu wa mabasi wa Montgomery ulikuwa bado miaka 14 mbele.

Aliyewaongoza ni Adam Clayton Powell Jr., mchungaji wa Kanisa la Abyssinian Baptist, aliyerithi mimbari ya baba yake mwaka 1937. Mwaka huohuo wa mgomo akachaguliwa diwani, mtu mweusi wa kwanza katika Baraza la Jiji la New York. Januari 1945 akaapishwa kuwa mbunge katika Bunge la Marekani. Wabunge weusi wakawa wawili tu nchi nzima: yeye na William Dawson wa Chicago.

Mkahawa wa Bunge ulikuwa wa wazungu. Powell hakusubiri ruhusa. Aliingia na wasaidizi na wageni wake weusi, wakaketi, wakaagiza chakula.

Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa kifungu kimoja. Kila ulipoletwa muswada wa fedha za shule au nyumba, alisimama kudai kwamba taasisi inayobagua isipewe hata senti ya serikali kuu. Aliwaudhi hata wenzake wa chama cha Democratic, waliohofia kupoteza kura za wabunge wa majimbo ya Kusini. Lakini hiyo ilikuwa mbinu ileile ya Harlem: anayekudharau, mnyime pesa yako. Mwaka 1964 Bunge lenyewe liliiweka kanuni hiyo katika Sheria ya Haki za Kiraia.

Tangu 1961 alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Elimu na Kazi, na sheria ya mwaka 1965 ya kusaidia shule za msingi na sekondari ilipita mikononi mwake. Wakati huo tayari alikuwa anajiharibia mwenyewe. Alisafiri kwa anasa kwa fedha za umma, na mkewe alilipwa mshahara wa Bunge. Aliposhindwa kesi ya kashfa na kukataa kulipa fidia, hati za kumkamata zilimfanya aonekane New York Jumapili tu, siku ambayo hazikuweza kutekelezwa.

Tarehe 1 Machi 1967 wabunge walimnyima kiti kwa kura 307 dhidi ya 116. Harlem ikamchagua tena mwezi uliofuata. Juni 1969 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Bunge haliwezi kumkataa mtu aliyechaguliwa akiwa ametimiza sifa za Katiba: umri, uraia na makazi. Uamuzi huo ni ngao ya mpiga kura zaidi kuliko ya Powell.

Naye alikuwa ameshawazoesha watu wake kumkosa. Muda mwingi alikuwa Bimini, visiwani Bahamas. Katika kura za mchujo za 1970 Charles Rangel alimwangusha kwa takriban kura 150. Powell alifariki Aprili 1972. Rangel alibaki mbunge hadi Januari 2017.