Ubwari si kisiwa: namna ya kuitembelea kwa siku moja kutoka Baraka

Ukisimama ufukweni Baraka asubuhi na kutazama upande jua linapotokea, milima unayoiona ng'ambo ya maji ni Ubwari. Wengi wetu tumeiona tangu utoto, lakini hatujafika wote. Kuna pia vijana waliozaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania, kambi inayopokea Wakongomani tangu 1996. Hao wanaijua kwa masimulizi ya wazazi tu. Wakija kutembea, swali la kwanza ni lile lile: kile ni kisiwa?

Hapana. Ubwari ni rasi, yaani nchi kavu ndefu iliyoingia ziwani. Upande wa kusini imeshikana na bara. Kaskazini inaishia kwenye ncha ya Banza. Kati yake na Baraka kuna ghuba.

Waliokosea kabla yetu

Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji Februari 1858. Aprili wakapanda mitumbwi kuelekea Uvira, juu walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Njiani wakapitia Ubwari, na Burton akaandika kwamba ni kisiwa. Si ajabu. Mtu akitokea upande wa Burundi anaona milima imesimama peke yake ndani ya maji, na mahali inaposhikana na bara hapaonekani. Stanley alizunguka ziwa lote kwa mashua mwaka 1876. Leo ramani zinaonyesha rasi, lakini ghuba yetu bado inaandikwa jina la Burton, yule yule aliyekosea.

Wageni wengine walitoka kisiwa cha kweli, Kuba, kule bahari ya Karibi. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma usiku na kushukia Kibamba, pwani ya Fizi, kuwasaidia waasi. Wakuba walipewa majina ya hesabu ya Kiswahili: mmoja aliitwa Moja, mwingine Mbili, Che mwenyewe akaitwa Tatu. Novemba mwaka huo huo waliondoka. Kibamba iko kusini zaidi, kwa hiyo usiitie katika safari ya siku moja.

Utaona nini

Utaona vijiji vya Babwari na vya wavuvi, mashamba ya muhogo kwenye miteremko, na mawe makubwa yanayoshuka majini. Kati ya mawe hayo, maji yakitulia, utaona samaki wadogo wa rangi nyingi. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za jamii hiyo, na karibu zote haziko ziwa lingine duniani. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1.470, ni Baikal tu, kule Urusi, inayolizidi.

Asubuhi utakuta ndagala wameanikwa. Huvuliwa usiku kwa taa, juu mwanga unawavuta. Ndiyo maana siku za mbalamwezi wavuvi wengi wanapumzika. Mchana, bugali na mikeke ya kuchoma vinatosha.

Maji hayana mchezo

Hapa ndipo msikilizaji aangalie vizuri. Ghuba imekingwa na milima ya Ubwari, ndiyo sababu inaonekana tulivu. Ukipita ncha ya Banza unaingia ziwa wazi, na mawimbi yanabadilika. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini-mashariki una nguvu sana. Kwa hiyo:

– Ondoka alfajiri. Patana na mwenye boti saa ya kurudi kabla hujapanda, pamoja na bei ya kwenda na kurudi.
– Vaa jile ya kuelea, ifunge. Jile iliyo chini ya mizigo haiokoi mtu.
– Boti ikijaa kupita kiasi, shuka. Ni heri kupoteza siku.
– Nahodha akisema upepo si mzuri, usimbishie wala usimwongezee feza ili avuke. Lala kijijini, urudi kesho.
– Usioge kwenye matete: kuna mamba, na maji yaliyosimama yana kichocho.

Ukifika, salimia chefu wa kijiji kwanza. Beba kadi ya mpiga kura au karatasi zako nyingine. Omba ruhusa kabla ya kupiga mtu picha, na usipige picha askari wala kambi yao. Uliza pia hali ya usalama siku ile ile, kwa watu waliotoka huko asubuhi, si habari za wiki iliyopita.

Na ukipata mzee wa Kibwari mwenye nafasi, kaa naye umuulize majina ya milima na ncha zile. Kwenye ramani mengi hayamo.