Miaka Miwili Inayohamahama

Mwaka 1985 serikali mbili zisizojuana ziliamua mambo mawili yaliyopingana. Huko Minnesota, jimbo la baridi kali kaskazini mwa Marekani, ilipita sheria iliyosukumwa na Gavana Rudy Perpich. Mwanafunzi aliyebakiza mwaka mmoja au miwili amalize sekondari aliruhusiwa kwenda chuoni kusoma yuniti za mwaka wa kwanza. Jimbo lilimlipia karo na vitabu, na yuniti moja ikahesabiwa mara mbili: kwenye cheti cha sekondari na kwenye shahada. Mpango huo huitwa PSEO, nao ungali hai.

Nchini Kenya, Januari ya mwaka huohuo, watoto waliokuwa wamemaliza darasa la saba hawakuingia kidato cha kwanza. Waliingizwa darasa la nane. Mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umeanza, na pamoja nao ilikuja amri ya kufunga kidato cha tano na cha sita. Minnesota ilikuwa ikifungua njia kati ya sekondari na chuo. Kenya ilikuwa ikiondoa daraja lililokuwepo.

Maamuzi hayo mawili sasa yanakutana ndani ya ukoo mmoja. Viunga vya Minneapolis, hasa Brooklyn Park na Brooklyn Center, ni makao ya jamii kubwa ya Wakisii waliohamia Marekani. Mtoto wa miaka 17 aliyekulia huko anaweza kuamka asubuhi akaenda chuoni kusoma hesabu, jioni akarudi kuwa mwanafunzi wa sekondari. Binamu yake wa rika lilelile aliyebaki Kenya, kule Nyansiongo au Kebirigo, hana ruhusa hiyo, hata kama anamshinda kwa hesabu. Jambo linalosahaulika ni kwamba ardhi ya Gusii, kwao Wakisii, iliwahi kuwa na kitu kinachofanana nayo sana. Kilikuwa miaka miwili tu ya masomo, na historia yake ni historia ya kuhamishwa.

Shule zilifika Gusii kwa mkono wa misheni. Wakatoliki walijenga Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafika Nyanchwa mwaka uliofuata. Kisha serikali ya kikoloni ikafungua shule yake mjini Kisii mwaka 1934, ile inayojulikana leo kama Kisii School. Wakati huo kijana wa Gusii aliyetamani kusoma zaidi alilazimika kutoka kwao, aende shule ya Maseno au avuke nchi hadi Alliance kule Kikuyu. Chuo kikuu kilikuwa mbali zaidi. Kilikuwa Makerere, mjini Kampala.

Hapo Makerere ndipo miaka miwili ya simulizi hii ilipoanzia. Mwanafunzi aliyefika na cheti cha Cambridge cha sekondari hakuanza shahada moja kwa moja. Alisoma kwanza miaka miwili ya matayarisho, ya sanaa au ya sayansi, ndipo aingie kozi ya shahada, ambayo kuanzia 1949 ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Kwa maneno mengine, chuo kilikuwa kikifanya kazi ya sekondari, kwa kuwa shule za Afrika Mashariki hazikuwa na walimu wala maabara za kufikisha wanafunzi kiwango hicho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 matayarisho hayo yaliondolewa chuoni yakakabidhiwa shule, na hivyo kidato cha tano na cha sita vikazaliwa. Wakati huo mambo ya elimu yalikuwa pia mikononi mwa mtu wa Gusii: Lawrence Sagini alikuwa Waziri wa Elimu katika serikali ya mseto ya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Katika Gusii, Kisii School ilipata madarasa hayo, na vilevile shule ya Mosocho iliyoanzishwa na mabruda wa Kikatoliki, ambayo leo hubeba jina la Kadinali Otunga.

Kidato cha tano na cha sita havikuwa kidato cha nne kilichorefushwa. Mwanafunzi aliachana na rundo la masomo akabaki na matatu tu, pamoja na karatasi ya maarifa ya jumla iliyomtaka aandike hoja kuhusu siasa, sayansi na maisha. Katika masomo hayo matatu alichimba hadi chini. Aliyechukua hesabu, fizikia na kemia alikutana na mambo ambayo katika nchi nyingine hufundishwa mwaka wa kwanza wa chuo. Ndiyo sababu shahada nyingi za Chuo Kikuu cha Nairobi zilichukua miaka mitatu, si minne. Chuo kikuu kilikuwa kimekubali, bila kulitaja jambo hilo kwa jina lolote, kwamba sehemu ya kazi yake imeshafanywa na mwalimu wa sekondari. Wamarekani walikuwa wameanza jambo hilo kwa njia yao mwaka 1955, pale Chuo Kikuu cha Connecticut kilipoziruhusu shule za sekondari kufundisha kozi zake na kuzihesabu. Kisii ilikuwa ikifanya karibu lilelile kwa mtihani wa Cambridge, baadaye wa Afrika Mashariki, na kuanzia 1980 wa Kenya yenyewe.

Haki isemwe: nafasi zilikuwa chache mno. Kati ya waliofanya mtihani wa kidato cha nne, ni wachache tu walioitwa kidato cha tano. Wengi walirudi nyumbani kwenye chai, kahawa na pareto wakiwa na cheti kisichowapeleka popote. Kwa ajili ya hao, Wakisii walichanga. Halmashauri ya Kaunti ya Gusii ilitoa ekari 61 za ardhi, na mwaka 1965 chuo cha walimu wa shule za msingi kikafunguliwa juu yake, kama kilomita mbili kutoka katikati ya mji wa Kisii. Mwaka 1971, wakati wimbi la harambee lilipokuwa likijenga vyuo vya ufundi toka Nyanza hadi Mlima Kenya, jamii ilianzisha Gusii Institute of Technology. Chuo hicho sasa ni Kisii National Polytechnic. Ni vigumu kutaja jambo lililowaunganisha watu wa Gusii zaidi kuliko mchango wa shule. Koo zilizokorofishana juu ya mipaka ya mashamba ziliketi pamoja lilipotajwa darasa.

Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Mkanada Colin Mackay ilitumwa kuchunguza namna ya kuanzisha chuo kikuu cha pili. Ilirudi na zaidi ya chuo. Ilipendekeza kubadilishwa kwa mfumo mzima: miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Moi kilizaliwa 1984, na mfumo ukaanza mwaka uliofuata. Hesabu yake inastahili kutazamwa kwa makini. Miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita iligawanywa vipande viwili. Mwaka mmoja ulishushwa shule ya msingi ukawa darasa la nane, na mwingine ukapandishwa chuo kikuu ukawa mwaka wa nne wa shahada. Daraja halikuvunjwa likatupwa. Mbao zake zilipelekwa kujengea kwingine.

Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa 1989, mwaka uleule wa KCSE ya kwanza, mtihani wa kumaliza sekondari ya 8-4-4. Mwaka 1990 vyuo vikuu vikapokea makundi mawili kwa pamoja: wa mfumo wa zamani waliosoma shahada kwa miaka mitatu, na wa 8-4-4 waliosoma minne. Walikaa bweni moja na kula meza moja, na wa mwanzo wakahitimu mwaka mmoja mapema.

Baada ya hapo likaja jambo ambalo kizazi cha miaka ya 1990 hakitalisahau, yaani kungoja. Vyuo vikuu vilikuwa vimejaa. Mwanafunzi aliyefanya KCSE mwezi Novemba na kufaulu vizuri alikaa nyumbani zaidi ya mwaka, mara nyingine karibu miwili, kabla ya kuitwa. Ile miaka miwili iliyofutwa kwenye karatasi ilirudi kwa mlango wa nyuma, ikiwa tupu. Mjini Kisii vyuo vya kompyuta vilistawi kwa sababu yake. Vijana walipanda ngazi nyembamba za majengo ya mjini kufanya “pakeji”: WordPerfect, Lotus 1-2-3 na nyinginezo. Wengine walianza kozi ya uhasibu ya CPA. Wazazi waliuza ndizi, chai, hata ng'ombe, ili mtoto asikae bure. Yule kijana alipofika chuo kikuu hatimaye, hakuna aliyemuuliza alichosoma. Alianza mwanzo, na ikiwa kozi yake ilikuwa na somo la utangulizi wa kompyuta, alilisoma tena. Hapo ndipo pengo lilipouma zaidi. Elimu ilikuwa imepatikana na imelipiwa, ila haikuhesabiwa.

Wakati huohuo chuo cha walimu kwenye zile ekari 61 kilikuwa kikipanda daraja. Mwaka 1983 kilianza kutoa diploma kwa walimu wa sekondari. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Egerton kilikichukua kikawa kampasi yake, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na tarehe 6 Februari 2013 Rais Mwai Kibaki akakipa hati kamili: Chuo Kikuu cha Kisii. Kila Aprili, Agosti na Desemba, shule zilipofunga, walimu wenyewe waligeuka wanafunzi. Waliofundisha kidato cha pili wiki iliyotangulia walikuwa wamepanga foleni ya kujiandikisha kwa masomo ya likizo, wakiwa na madaftari mapya. Mfumo uliokataa kumruhusu mwanafunzi kuwa mahali pawili ulimruhusu mwalimu wake, na mwalimu akafanya hivyo kwa miaka mingi, kwa mshahara wake mwenyewe.

Tangu 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo ya sambamba kwa wanaojilipia, miji kama Kisii ilijaa mabango ya kampasi. Upanuzi huo ulikomeshwa kwa nguvu. Mapema mwaka 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliamuru Chuo Kikuu cha Kisii kifunge matawi yake kumi. Mwisho wa mwaka huo Waziri wa Elimu Fred Matiang'i, mzaliwa wa Borabu, Nyamira, alitangaza matokeo ya KCSE yaliyosimamiwa kwa ukali mpya. Waliopata C+ kwenda juu walikuwa 88,929, karibu nusu ya mwaka uliotangulia. Kwa idadi hiyo serikali iliweza kumpeleka kila aliyefuzu chuo kikuu, na soko la masomo ya sambamba likanyauka. Kungoja nako kukapungua.

Mawaziri kutoka Gusii wamekalia kiti cha Elimu mara nyingi kiasi kwamba watu wa huko hulizungumza jambo hilo kwa fahari. Miongoni mwa waliomfuata Sagini ni Sam Ongeri mwaka 2008, Matiang'i, Ezekiel Machogu mwaka 2022, na Julius Migos Ogamba tangu Agosti 2024. Mtaala wa umilisi ulianza kwa majaribio 2017 chini ya Matiang'i. Gredi ya 10 ya kwanza, ndiyo kusema mwanzo wa Sekondari Pevu, ilianza Januari 2026 chini ya Ogamba.

Mfumo huu mpya umeihamisha tena miaka ileile. Kimpango, madarasa ya saba na ya nane yametoka shule ya msingi, sekondari imekuwa na ngazi mbili za miaka mitatu kila moja, na shahada imepangiwa miaka mitatu kama zamani. Mwanafunzi wa Sekondari Pevu huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, ambao serikali inataka uchukue asilimia 60 ya wanafunzi, sayansi za jamii, asilimia 25, na sanaa na michezo, asilimia 15. Kwa mtu aliyepitia Kisii School ya miaka ya 1970, hiki si kitu kigeni. Ni kidato cha sita kilichorudi na orodha ndefu zaidi, ndani yake mna umeme, ujenzi na useremala.

Kilichobaki ni kuhesabu. Kenya ina sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu tangu 2014, na kanuni za vyuo vikuu zinakubali mwanafunzi ahamishe hadi asilimia 49 ya yuniti kutoka chuo kimoja kwenda kingine. Mlango huo uko kati ya chuo na chuo. Kati ya sekondari na chuo bado kuna ukuta. Msichana wa Nyabururu anayesoma umeme hawezi kupelekewa yuniti ya kwanza ya diploma kutoka Kisii National Polytechnic ikaandikwa jina lake. Mvulana wa Nyambaria, shule ya Nyamira ambayo magazeti yaliitaja kileleni katika KCSE ya 2022, hawezi kufanya hesabu za mwaka wa kwanza na kuzikuta zikimngoja chuo kikuu. Majengo yapo na walimu wapo, wengi wao wakiwa wamesomea kwenye vyumba vilevile wakati wa likizo. Ardhi ilitolewa na wazee wa hawa watoto. Kilichokosekana ni karatasi ya makubaliano kati ya mkuu wa shule na mkuu wa chuo, na muhuri wa wizara juu yake.

Darasa lililoingia Gredi ya 10 mwaka 2026 litamaliza Gredi ya 12 mwishoni mwa 2028. Wenzao wa ukoo walioko Brooklyn Park watakuwa wanamaliza sekondari karibu wakati huohuo, baadhi yao wakiwa na mwaka mzima wa chuo mfukoni.