Kuziba Jino Usambara: Kutoka Koleo Hadi Taa ya Bluu

Kwa miaka mingi jino likitoboka katika vijiji vya Usambara, dawa yake ilikuwa koleo. Mtu wa Mtae au Mlalo alifunga safari hadi Lushoto, akang'olewa, akarudi nyumbani na pengo. Kuziba kulidai mashine ya kuchimbia inayoendeshwa kwa umeme, na rezini mpya nyeupe zilizokuwa zikienea duniani zilidai umeme mara ya pili, ili zigande.

Rezini hizo zilianzia Marekani, ambako Rafael Bowen alipata hataza yake mwaka 1962. Mwanzoni ziligandishwa kwa kuchanganya malighafi mbili. Miaka ya 1970 zikaja taa za urujuanimno, zenye kupenya kidogo na kuhatarisha macho, kisha mwanga wa bluu. Ndani ya rezini mna kamforikwinoni, ambayo hunyonya mwanga wa nanomita 468 hivi na kuziamsha molekuli zishikane.

Uimara wa kizibo huamuliwa katika sekunde chache za kumulikwa. Hata mwanga ukiwa mzuri, si viungo vyote vya rezini vinavyoungana. Mara nyingi ni kati ya nusu na robo tatu. Ukiwa hafifu, juu huwa pagumu na chini pakabaki laini. Mgonjwa huondoka ameridhika, kumbe kizibo kitalika upesi, kitabadilika rangi na kuruhusu uozo kurudi kingoni. Ndiyo maana rezini ya kawaida huwekwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2. Mwanga mkali wa ghafla nao una madhara: rezini hunywea haraka na kuvuta kuta za jino, hivyo wako wanaoanza na mwanga mdogo na kuuongeza taratibu.

Jibu la kwanza kwa vijiji visivyo na umeme lilizaliwa Tanzania, na linastahili kutajwa kwa fahari kuliko linavyotajwa. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, akiwa katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono peke yake na kuziba kwa simenti inayoganda yenyewe. Baadaye ikatumika glasi-ayonoma, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent. Hung'ang'ania jino na kutoa floraidi. Shirika la Afya Duniani liliinadi njia hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 likaiingiza glasi-ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu. Hata hivyo, jino lililoliwa pande kadhaa huishinda simenti hiyo mapema.

Rezini ilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1993 Shuji Nakamura wa Japani alitoa LED ya bluu yenye mwanga mkali, na mwaka 1995 Robin Mills wa Bristol, Uingereza, akapendekeza itumike kugandishia rezini. Taa za halojeni zilizotoa mwanga wa bluu kabla ya hapo zilikula umeme mwingi, zikapata joto na kufifia kadiri balbu ilivyozeeka. Ya LED hushikwa mkononi na kutumia betri, hivyo inaweza kubebwa hadi kijiji kisicho na waya.

Lakini ncha ya taa ikigandiwa na rezini, au ikishikwa mbali na jino, nguvu hupungua huku bluu ikionekana ileile. Jicho haliwezi kuipima, radiomita, yaani kipima-mwanga, huweza. Zahanati ya Soni au Bumbuli inayonunua taa hiyo inapaswa kununua na radiomita siku hiyohiyo.