SAHANI YA KALE UKUTANI: PAMBO LENYE HESABU

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu katika imani, wapo miongoni mwetu hapa Sumbawanga wanaopenda kupamba sebule kwa vyombo vya kale. Mtu anatoka pwani na sahani ya udongo yenye maua ya buluu, anaitundika ukutani au anaipa nafasi ya mbele kwenye kabati la vyombo. Kisha swali linakuja msikitini: Sheikh, hili linafaa?

Jibu fupi ni kwamba asili ya pambo ni halali. Soma Suratul A'raaf, aya ya 32, uone Allah (s.w.) anavyowahoji wanaoharamisha mapambo aliyowatolea waja wake. Lakini chombo cha kale hakiji peke yake. Kinakuja na historia yake, na historia hiyo ina hesabu. Tulia tuisome pamoja.

1. KAURI ILIVYOFIKA PWANI YETU

Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Hadithi hiyo imepokewa na Hudhayfa (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Udongo mzuri haukukatazwa, na Waislamu wakaupenda. Katika karne ya 9, wafinyanzi wa Basra huko Iraq walikuwa wakiiga weupe wa vyombo vya China na kuvichora kwa rangi ya buluu. Karne kadhaa baadaye, mafundi wa Jingdezhen, China, walichora kauri yao kwa buluu iliyotokana na madini yaliyoletwa kutoka Uajemi. Kwa hiyo ile sahani ya buluu na nyeupe unayoiita ya Kichina, ndani yake mna biashara ya Waislamu pia.

Vyombo hivyo vilivuka bahari kwa majahazi ya pepo za kusi na kaskazi, kwa mikono ya wafanyabiashara wengi, mpaka Kilwa, Malindi, Lamu na Pate. Mwaka 1955 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Uingereza, Mortimer Wheeler, alizuru pwani yetu akastaajabia wingi wa vigae vya Kichina kati ya Dar es Salaam na Kilwa.

Wazee wa pwani walivitumiaje? Majumbani walijenga zidaka, yaani vishubaka vya chokaa ukutani, safu juu ya safu, vya kuwekea vyombo. Nenda Lamu utaziona mpaka leo katika nyumba za karne ya 18. Kule Kilwa Kisiwani, bakuli zilipachikwa kwenye dari ya msikiti mdogo wa makuba. Na makaburini, Kaole karibu na Bagamoyo, Kunduchi, na Mambrui karibu na Malindi, walisimamisha nguzo za mawe na kupachika sahani na bakuli juu yake.

Hapo la kusema lipo. Katika Sahih Muslim, Jabir (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kupaka makaburi chokaa na kujenga juu yake. Tunawaombea rehema wazee wetu, na tunaishika Sunna.

2. HESABU YA KWANZA: IMETOKA WAPI?

Ukifika Kaole au Kunduchi leo utaona matundu ya mviringo kwenye mawe. Hapo ndipo bakuli zilipokuwa. Baadhi zilichukuliwa zikahifadhiwe makumbusho, na nyingine ziling'olewa na watu.

Usiseme: kwa kuwa kupamba kaburi hakufai, basi mimi kuling'oa pambo lake ni sawa. Kosa la mwenzako halikupi wewe ruhusa ya kuchukua kisicho chako, tena kwa maiti asiyeweza kukuuliza. Na nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayokataza kuchimbua mabaki ya kale bila kibali. Muuzaji akikunong'oneza kwamba sahani imetoka kwenye magofu, mrudishie.

3. HESABU YA PILI: NANI ALIILIPIA?

Hii inatugusa sisi watu wa Ufipa. Katika karne ya 19 zilikuja sahani za Ulaya, nyingi za viwanda vya Maastricht, Uholanzi, zikapendwa sana Zanzibar na Oman. Ndizo nyingi zinazouzwa leo kama za kale. Utajiri ulionunua vitu kama hivyo ulitoka kwenye karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa na urefu wa kilomita 1,200 hivi, na watu wa huku kando ya Ziwa Tanganyika walitembezwa kwenda pwani wakauzwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873.

Tusiifiche habari hii kwa kuwa baadhi ya wafanyabiashara wale walikuwa Waislamu. Dhulma ni dhulma. Mimi siharamishi sahani kwa ajili hiyo, maana dhambi ya aliyeinunua zamani haikuandikwi wewe. Ila ukiitundika, waambie watoto habari yote. Usiwaambie ni alama ya ustaarabu ukaishia hapo.

4. HESABU YA TATU: UNAIAMINI NINI?

Wapo watu wa pwani walioamini kwamba sahani ukutani hupokea jicho la hasidi, na ikipasuka basi imeikinga nyumba. Sisi tunaishi katika mji ambao wazee wanatuambia jina lake lina maana ya tupa uchawi. Tusiutupe uchawi mlangoni kisha tukautundika sebuleni! Mtume (s.a.w.) amekemea vikali utundikaji wa hirizi, kama alivyopokea Uqba bin Aamir (r.a.) kwa Imam Ahmad. Sahani ikianguka, ni msumari umelegea. Kinga ni kwa Allah: soma Ayatul Kursiy na Mu'awwidhatayn.

5. NA MTUNGI WA BIBI YAKO?

Wapagazi wa misafara walibeba zaidi nguo, shanga na nyaya. Huku juu, chombo cha nyumba kilikuwa chungu na mtungi, vilivyofinyangwa kwa mkono kwa udongo wa Ufipa na kuchomwa kwa moto wa wazi. Leo mtungi huo umetupwa nyuma ya jiko wanywee kuku, halafu tunatoa laki kwa sahani ya Uholanzi. Kama unataka chombo cha kale nyumbani, anza na huo. Unajua umetoka wapi, unamjua aliyeteka maji kwa huo, na ukiutazama unamwombea dua.

MAZINGATIO

Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akiyatazama magofu ya Pate. Katika utenzi huo anaonesha zidaka za matajiri zilivyogeuka makazi ya ndege. Vyombo vilikuwepo, wenyewe wakaondoka. Nawe pamba nyumba yako bila israfu na kwa kilicho halali, ukijua kwamba siku moja wengine watagawana hizo sahani, na wewe utabaki na amali yako.

Ewe Allah, zipambe nyumba zetu kwa dhikri na mioyo yetu kwa ikhlasi. Amin.

Wallahu a'lam. Wafikishie na wengine.