Kompyuta iliyoingiwa maji: Usiiwashe kabla ya kufanya haya

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

WAKAZI wa Kashai, katika Manispaa ya Bukoba, si wageni wa mvua. Mji huu ulio kando ya Ziwa Victoria hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili ndio mwezi unaoongoza. Mto Kanoni, unaopita mjini kuelekea ziwani, unapofurika, maji huingia katika nyumba na maduka yaliyo bondeni.

Miongoni mwa maduka hayo zimo steshenari zinazotegemea kompyuta moja ya mezani kuchapa barua, kuandaa mitihani ya shule na kuwajazia vijana maombi ya vyuo na mikopo. Paa likivuja juu ya mashine hiyo, au kikombe cha kahawa kikipinduka, husimama riziki ya siku pamoja na kazi za wateja zilizohifadhiwa ndani.

Hata hivyo, mara nyingi maji peke yake hayaiui kompyuta. Kinachoiua ni haraka ya mwenye mashine kubonyeza kitufe ili ajue kama bado ni nzima. Maji yenye chumvi au tope hupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita, na sehemu ambayo ingekauka ikapona huungua kwa dakika moja.

Hatua za mwanzo

Jambo la kwanza ni usalama wa mtu. Iwapo maji yamefika sakafuni, usiguse waya wala soketi. Zima kwanza swichi kuu ya nyumba, mradi unaweza kuifikia bila kukanyaga maji.

Kisha chomoa waya wa umeme. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwani kompyuta ya mezani iliyochomekwa ukutani huendelea kupitisha volti tano katika bodi yake kuu hata ikiwa imezimwa. Umeme huo mdogo hutosha kuharakisha kutu katika bodi iliyolowa. Aidha, umeme ukikatika wakati wa mvua, huo ndio wasaa wa kuchomoa, maana ukirudi ghafla utaikuta mashine ikiwa bado na maji.

Baada ya kuchomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili kupunguza umeme uliobaki katika bodi. Ondoa kibodi, mausi, monita na waya nyingine zote.

Kusafisha na kukausha

Fungua kasha, ulilaze, kisha utoe RAM, hadi diski, kadi zilizochomekwa na ile betri ndogo ya mviringo inayotunza saa. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa kitu, ili wakati wa kurudisha usibahatishe.

Maji safi ya mvua huweza kufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Chai yenye sukari, soda na maji ya mafuriko ni habari nyingine, kwa kuwa huacha utando unaonata na kula madini. Utando huo hutolewa kwa mswaki laini na alkoholi ya aisopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Ifanyie kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, kwani hushika moto upesi. Ukiona ukungu mweupe au wa kijani kwenye madini ya bodi, hiyo ni kutu iliyokwisha kuanza.

Acha vipande vikauke mbele ya feni kwa siku mbili au zaidi. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi, hivyo kuongeza siku moja hakuna hasara. Kufukia vipande katika mchele hakusaidii, bali huongeza vumbi. Jua kali na joto la kukaushia nywele huweza kupinda plastiki.

Ikiwa haiwaki

Kama kilichomwagika kiliishia kwenye kibodi, jaribu kibodi nyingine kwanza. Kibodi yenye hitilafu huweza kuizuia kompyuta nzima kuanza kazi.

Kama hakuna taa wala feni inayozunguka, hakiki soketi na waya, kisha kishukie kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme, yaani pawa saplai. Ikiwa nacho kililowa, kibadilishe. Usikifungue kamwe: ndani yake huweza kubaki umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

Feni ikizunguka kidogo na kusimama, kuna mahali umeme unapita njia ya mkato. Chomoa, kisha bakiza bodi, prosesa na kipande kimoja cha RAM. Ikiwaka, rudisha kifaa kimoja baada ya kingine, ukichomoa umeme kila mara. Kile kinachoizima ndicho kibovu.

Feni ikiendelea kuzunguka lakini monita ni nyeusi, safisha meno ya RAM na uyabane vizuri katika nafasi yake. Sikiliza pia milio: idadi yake humweleza fundi hitilafu ilipo. Ikiwaka lakini tarehe imerudi nyuma miaka mingi, betri ya saa imekwisha au imepoteza mipangilio ulipoitoa.

Kazi zilizo ndani

Bodi hununuliwa dukani, lakini taarifa za wateja haziuzwi popote. Hadi diski ambayo haikulowa huweza kuunganishwa na kompyuta nyingine na kazi zote zikanakiliwa, hata kama mashine yenyewe imekufa.

Iliyozama katika maji ya mafuriko isiwashwe wala kufunguliwa. Matone na vumbi ndani yake huweza kukwaruza sahani zinazobeba taarifa. Ifikishwe kwa mtaalamu wa kurejesha taarifa, na mwenyewe aeleze wazi kuwa ilizama.

Wenye mashine nzima nao wana la kufanya kabla ya masika. Kasha liinuliwe kutoka sakafuni, liwekwe mbali na maungio ya mabati, na soketi ya kurefushia isilale chini. Kazi za kila siku zinakiliwe jioni kwenye diski ya nje, na diski hiyo isilale chumba kimoja na kompyuta. Mwenye nakala anaweza kuingoja mashine yake ikauke siku tatu bila kushawishika kubonyeza kitufe.