Ukuta Usio na Mshono

Desemba iliyopita nilifika ushago, Kebirigo, nikapata ukuta wa chumba cha magokoro umevimba kama andazi. Upande wa pili wa ukuta huo ni bafu. Tailsi zake zilikuwa nyeupe pe, hazina hata ufa. Fundi alipobandua moja, matofali nyuma yake yalikuwa yameloa tepetepe. Maji hayakuwa yamepenya tailsi. Yalipita kwenye maungio, ile simiti nyembamba inayojaza nafasi katikati, ambayo hunywa maji kidogo kidogo kila mtu akioga.

Magokoro hulala kichwa kikiwa kando ya ukuta huo, na kifua chake hakipendi unyevu. Pesa za ukarabati zilikuwa za bonasi ya chai, kwa hivyo nafasi ya kukosea hatukuwa nayo.

Mjomba akasema tubandike tailsi kubwa zaidi, maungio yapungue. Binamu yangu akatoa simu, akatuonyesha kuta laini za hoteli, mpako mmoja kutoka sakafuni hadi juu. "Hayo ni mambo mapya ya watu wa Nairobi," mjomba akamkata.

Mapya? Wacha tuanze Pwani. Nenda Gedi, karibu na Watamu, mji wa Waswahili ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. James Kirkman alipoanza kuuchimba mwaka 1948, alikuta nyumba za mawe zenye vyoo na mahali pa kunawia. Kule Kilwa, katika karne ya 14, jumba la Husuni Kubwa lilikuwa na bwawa la kuogea la pembe nane. Na Unguja, mwaka 1850, Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi kwa ajili ya mkewe Mwajemi.

Simiti ya viwandani hawakuwa nayo. Joseph Aspdin alipata hataza ya simiti ya Portland huko Uingereza mwaka 1824, na kiwanda cha Bamburi kilianza kuizalisha mwaka 1954. Watu wa Pwani walitumia chokaa: matumbawe yanachomwa kwa kuni, yanazimwa kwa maji, kisha yanapakwa. Hata birika za nyumba za Lamu zilipakwa hivyo, na ndani wakafuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Wamoroko walikwenda mbele zaidi. Chokaa yao, tadelakt, husuguliwa kwa jiwe laini na kupakwa sabuni ya zeituni. Sabuni ikikutana na chokaa, hutengeneza ngozi inayokataa maji.

Magokoro alisikiliza yote hayo, halafu akacheka. "Mjukuu wangu, nyumba yangu ya kwanza ilikuwa na mshono wapi?"

Kweli. Wanawake wa Gusii walikuwa wakikanda udongo na mavi ya ng'ombe, wakikandika ukuta mzima kwa mkono. Ila ukuta ule haukuogewa. Watu walioga mtoni, au kwa karai nyuma ya nyumba. Shida ya maungio ililetwa na bomba lililoingia ndani.

Basi tuliamua hivi. Tailsi zote zikatoka, na ukuta ukaachwa wiki kadhaa ukauke, maana ukifunika unyevu umeufungia ndani. Fundi akapiga plasta yenye dawa ya kuzuia maji. Kwenye kona akaviringisha na kutandika kitambaa cha wavu, kwa sababu kona ndiyo hupasuka kwanza. Kisha mikono miwili ya mpako unaonyumbuka, kutoka sakafuni ukipanda ukutani bila kukatika, na pale bomba linapotokea akaziba kwa makini. Juu yake simiti laini iliyosuguliwa na kupakwa dawa ya kuifunga. Mjomba alinung'unika kwamba inafanana na nyumba ambayo haijaisha.

Magokoro aliipitisha mkono, taratibu, kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake. Hakuuliza bei wala rangi. Alimuuliza fundi, "Nitapaka tena lini?"

Fundi akashangaa, kwani hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumuuliza hivyo. Lakini yeye alikuwa amekandika kuta miaka mingi. Alijua kwamba ukuta usio na mshono hauishi kwa sababu ya siri iliyo ndani ya mkebe. Huishi kwa sababu kuna mkono unaourudia. Tukaandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni.

Chumbani, ukuta umekauka.